Unga Niliomtilia Kazija

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Masika Othman Hamad. Umri: miaka 51. Kazi: mkulima wa mwani. Makazi: Shumba Viamboni. Yameandikwa Kituo cha Polisi Konde, tarehe 23/6/2008, saa 4:15 asubuhi.

Mimi ni mama mzazi wa Kazija, mwenye miaka 22. Mwaka jana tulimwoza kwa Nyange, mchuuzi wa samaki wa Tumbe. Alirejea kwangu mara tatu. Mara ya tatu alinambia, "Mama, hanipigi wala hanitukani. Moyo wangu tu haumtaki." Nilimjibu kuwa moyo hufundishwa.

Mnamo tarehe 2 Mei, saa 3 asubuhi, nilikwenda Tumbe kwa Jaribu, muuza dawa. Nilimwambia nataka mwanangu ampende mumewe. Alinipa unga mweupe kwenye karatasi. Sikumuuliza ni unga wa nini. Jioni nilimtilia Kazija kwenye chai. Hakujua.

Siku ya tatu alikuwa mpole, macho mazito. Nyange alipomjia, alimfuata bila neno. Nami nikahamia kwao, nikisema namsaidia kazi, na kila siku nikimtilia. Akawa anamchekea mumewe, anamwegemea. Nilimshukuru Mungu.

Mnamo tarehe 30 Mei, saa 7 mchana, alianguka jikoni, hakuamka. Tulimkimbiza hospitali. Daktari aliuliza amekula nini, nikaitoa karatasi yenye unga uliobaki. Walipoupima ule unga walisema ni vidonge vya usingizi vilivyosagwa.

Nyange alikuwa hajui. Alikaa chini nje ya wodi, akasema, "Mama, mwezi mzima nimefurahi na mtu ambaye hakuwapo." Wiki ile ile alimwandikia talaka.

Kazija alizindukana tarehe 31 Mei. Nilimweleza mwenyewe. Akauliza, "Siku zile nikicheka, ulikuwa ukifurahi?"

Nilimwambia nilifurahi. Akageukia ukutani.

Sasa anakaa Vitongoji kwa khaloo yake, dada yangu. Nimekwenda mara mbili. Hutoka, akanipa mkono, akaniuliza hali, kisha akarudi ndani. Adabu yake haikupungua. Mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Niliyoyasema ni niliyoyatenda na kuyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Dole gumba la shahidi: Masika Othman Hamad

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Ameomba kwamba kesi ikiandikwa, jina lake litangulie la Jaribu. Nimemweleza kuwa ameitwa hapa kama shahidi wa kesi ya Jaribu, si mshtakiwa. Amesema anajua, ila niandike.

Koplo Mmanga Shaame