Makofi ya Salamu

Heru Juu, Kasulu
Machi 2014

Kaka Bazilio,

Usishtuke kuona barua hii imekufikia, ilhali ulituambia uko Mwanza. Sisi wazima. Maharage yametoa maua, na goti la mama limepoa kidogo.

Jana tulifungulia zile salamu ulizorekodi kwenye simu, watu wamejaa uani. Ukasema, "Mwakeye, mama," ukampigia na makofi kama mtoto wa Kiha aliyelelewa akaleleka. Mama akalia kwa furaha. Mimi nikasikia makofi yakirudi mara mbili, makavu, halafu mabati yakavuma. Hilo ni ghala tupu la kahawa la Busunzu, tulimokuwa tukiingia utotoni tupige makofi ili kuta zitujibu. Mwanza gani hiyo, kaka?

Ningenyamaza. Lakini Gervasi fundi naye alikuwepo, shemeji wa wale unaotaka kuwatolea ushahidi kwamba walichoma nyumba. Ghala lile alilipiga lipu yeye. "Hebu rudisha hapo kwenye makofi," akasema. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaaga, chai ameiacha kikombeni.

Shadia anayekuletea barua hii ana nafasi kwenye gari lake la vitenge. Panda naye sasa hivi, usingoje giza.

Na huko uendako, ukirekodi tena, usipige makofi. Mama atasema umekosa adabu. Mwache aseme, mradi unazisikia lawama zake ukiwa hai.

Mdogo wako,
Konsolata