Ufunguo wa Baiskeli Yako

Kinyangiri, Jumapili asubuhi.

Baba,

Leo natimiza miezi saba tangu niondoke Newala, na miaka miwili tangu tukuzike. Shikamoo sikupi. Huku Singida mtu asiyemwamkia mkubwa wake anatazamwa vibaya, lakini watu wa huku hawakuishi na wewe.

Tunachimba mashimo ya nguzo za umeme. Ardhi ni mawe matupu, viganja vyangu vimekuwa kama kwato. Tuko na mafundi wawili kutoka Moroko: Mzee Hamidu, msimamizi wetu, na Idrisa, mtu wa umri wangu aliyejifunza Kiswahili kwa kutaniana na sisi. Juzi wakati wa kula Idrisa alituambia anaomba ruhusa ya miezi mitatu. Mkewe anarudi kazini kufundisha, yeye atakaa nyumbani na mtoto. Mzee Hamidu akamjibu kwa Kiswahili chake kibovu, makusudi, ili tusikie wote: "Nunua na gauni."

Tulicheka, Baba. Mimi nilicheka kuliko wote, kicheko chako kabisa, mpaka ugali ukanipalia.

Idrisa hakupandisha sauti. Alisema kwao baba yake hajawahi kujimiminia chai. Wenzake wa rika lake wanafua nguo za watoto, lakini ndani, mlango umefungwa, kisha mke ndiye anapanda kuzianika juu ya paa ili majirani wasijue. Yeye amechoka kujificha. Halafu akamgeukia mzee: "Wewe mkeo alipofariki ulijifunza kuchemsha chai una miaka sitini. Mimi naanza mapema."

Mzee Hamidu akatazama sahani yake. 

Mimi nikamkumbuka Mama. Maji yanachotwa bondeni, na baiskeli yako imeegemea ukuta, imefungwa kufuli, ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwako. "Baiskeli ya mwanamume haibebi ndoo." Ulimwambia hivyo akiwa na mimba ya miezi minane. Akapanda kile kilima na ndoo kichwani, akaanguka. Tulizika mtoto ambaye hata jina hakupewa. Kesho yake ukaipanda baiskeli kwenda kucheza bao. Kwanza uliipangusa vumbi. Nilikuona.

Sijakusamehe. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: baiskeli uliniachia mimi. Nilipokuja huku niliifunga, ufunguo nikauweka kwenye begi. Umo humo mpaka leo, chini ya nguo zangu, mwendo wa siku mbili kutoka kwenye baiskeli yenyewe. Zuhura, mke wangu, ana mimba ya miezi minane. Mwezi uliopita aliniomba kufuli livunjwe, mdogo wangu awe anamchotea maji kwa baiskeli. Unajua nilimjibu nini? Maneno yako, Baba. Kama yalivyo. Sikuyatafuta hata, yalitoka yenyewe.

Jana nilimpigia simu. Nikamwambia avunje kufuli. 

"Nilishalivunja," akasema. "Wiki tatu sasa. Nilikuwa nangoja tu uniambie mwenyewe."

Nilikaa kwenye rundo la udongo nikiwa na simu mkononi. Angeningoja mpaka lini? Mama alikungoja wewe mpaka akafa.

Nimeomba ruhusa na mimi. Nilijiandaa kutaniwa. Mzee Hamidu aliuliza tu mtoto anatarajiwa lini, akatia sahihi.

Haya, Baba, baki salama. Ijumaa napanda basi, na Jumapili ijayo nitakuwa Newala. Nitapita kwako kwanza. Nitachimba kidogo pembeni ya kaburi, kuchimba ndiyo kazi ninayoijua, nikufukie ufunguo wako, ukae nao. Kisha nitaipeleka baiskeli bondeni na ndoo mbili, mchana kweupe, na nitarudi nazo zimejaa kwa njia ile ya kwenye bao, mbele ya wenzako wote. Nakuahidi nitapita polepole.