Aliyepotea Msituni Nilikuwa Mimi

Mpendwa shemeji,

Tangu tukuzike kule Mpimbwe nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Leo nitaandika mpaka mwisho, hata kama aibu itanila.

Unakumbuka ulivyonichukua kwenda kwenye mizinga yako ya nyuki, miaka ile ya sabini, ndoa yangu na dada yako ikiwa bado mbichi? Kutoka Ilembo njia nzima ulinitania, karani wa viatu vya ngozi. Tulipoingia msituni utani ukaisha, ukanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikupoteza nisitembee, nisiite jina la mtu. Nikae palepale, nigonge mti mkavu kwa kisigino cha shoka mara tatu, nisubiri, nigonge tena. Nawe ungenijibu hivyohivyo mpaka tukutane. Nikaitikia, huku moyoni nikisema mimi siyo mjinga.

Ukapanda kwenye mzinga wa nne. Kile kindege kinachoonyesha asali kikaja kunililia, nikakifuata. Nilitaka nipate asali yangu mwenyewe nikufunge mdomo. Kikanyamaza ghafla. Nikageuka, miti yote ya miombo ikawa sura moja.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukaa. Nikatembea. Na leo nakiri, shemeji: nilikusikia. Ko, ko, ko, upande wa kushoto, wazi kabisa. Shoka nilikuwa nalo begani. Sikujibu, kwa sababu kujibu kulikuwa kukubali mbele ya wakwe kwamba mume wa binti yao amepotea safari yake ya kwanza. Nilijipa moyo kwamba nitatokea mwenyewe. Ukagonga kutwa nzima, mti hadi mti, ukaiacha asali, mwisho ukafuata nyayo zangu ukanikuta kwenye mbuga, midomo imenikauka. Hukunigombeza. Ulinipa maji kwanza.

Tulifika Ilembo jua linazama. Watu wakauliza mbona tumechelewa, na asali iko wapi. Kabla hujafungua mdomo, nikawahi.

“Shemeji alipotea. Nimemtafuta kutwa nzima.”

Ukanitazama. Ukatua ndoo tupu, ukasema taratibu, “Msitu ni mkubwa.”

Wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza kambi ya asali kila msimu. Msimu uliofuata wakamchagua mwingine. Nani amfuate mtu anayepotea kwenye mizinga yake mwenyewe? Walikutania mpaka utani ukageuka dharau, ukahamia Mpimbwe kulima mpunga. Nilikuwepo kwenye kikao cha kumchagua huyo mwingine, nikanyamaza. Hata kwenye matanga yako kuna mtu alikumbushia kisa hicho, watu wakacheka kwa huruma, nami nikacheka nao. Naona haya hata kuandika.

Juzi nilimweleza Anastazia, dada yako, yote. Nilitegemea alie, au afungashe vyake. Aliendelea kupepeta mchele.

“Nilijua,” akasema. “Kaka aliniambia siku ileile. Akanikataza nisikuulize. Alisema, ‘Nyie bado wachanga kwenye ndoa, usimwaibishe mumeo.’”

Miaka yote hiyo nilikula chakula chake nikidhani nina siri.

Jumapili, watu wakitoka misa, nitasimama niseme ukweli. Wengi waliokucheka wamekufa wakiamini maneno yangu, na hao sina namna ya kuwafikia. Nitawaambia waliobaki.

Pumzika, shemeji yangu. Nisamehe ukiweza.

Ni mimi, mume wa dada yako.