Kalinzi ya Malkia

Ingleburn, 12 Juni 2021

Mama yangu,

Jambo sana. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, korona haijanigongea mlango.

Habari kubwa: karatasi zangu zimekubaliwa! Mwezi wa nane nitaapa, niwe raia wa Australia. Ukutani pale baraza la mji kuna picha ya Malkia wa Uingereza. Kumbe ndiye anayetawala huku pia, ndiye mwami wao. Bruno, msimamizi wetu wa bohari, anasema Malkia huyo hana amri yoyote. Lakini akitokea kwenye televisheni, Bruno huyo huyo anatunyamazisha. Sijaelewa.

Bila neno lako siapi.

Mwana wako,
Balagizi

Walungu, 4 Julai 2021

Balagizi mwanangu,

Natumaini unakula vizuri. Mgongo ni ule ule. Mdogo wako Généreuse anaandika, mimi nasema.

Huyo malkia ana watoto? Wanamsalimu vipi, wanapiga makofi? Na wewe umempelekea nini? Baba yako alipopewa shamba hili alimpelekea mwami kalinzi, ng'ombe mzima, mbele ya watu. Ndiyo maana hakuna aliyetutoa. Wewe vita ilishakufukuza mara moja, yatosha. Uliza kalinzi yao ni nini. Usiape mikono mitupu.

Mama yako

Ingleburn, 29 Agosti 2021

Mama,

Pole na mgongo. Huku tumefungiwa, askari wanapita mitaani, na kuapa kumeahirishwa.

Nilipiga simu baraza kuuliza kalinzi. Dada aliyepokea akasema, "No worries, just bring your ID," eti nilete kitambulisho tu. Nikauliza tena, ni mbuzi au ng'ombe? Akasema hawaruhusiwi kupokea zawadi. Bruno alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Kisha akanisimulia kwamba mama yake, akiwa mtoto, alisimama juani saa nne nzima kumwona Malkia akipita kwa gari. Hakumpa kitu. Malkia naye alimpungia mkono tu, na mpaka leo mama huyo hachoki kusimulia.

Mama, huku wanapenda bila kutoa kitu. Niape?

Mwana wako,
Balagizi

Ingleburn, 24 Septemba 2022

Mama,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Généreuse anasema u mzima, ila husemi. Nimekukosea? Mara mbili wameniita kuapa, mara mbili nimeomba udhuru. Wataniita tena mwezi wa kumi na moja. Nikikosa, karatasi zinafutwa.

Malkia amefariki. Juzi nchi nzima haikufanya kazi. Bruno, yule wa "hana amri yoyote", alilia mbele yetu bila aibu. Hata mimi nilivua kofia, sijui kwa nini.

Nakuomba neno moja tu.

Balagizi wako

Walungu, 16 Oktoba 2022

Mwanangu,

Pole kwa msiba wenu. Hujanikosea.

Kalinzi ilikuwa kisingizio. Nilijua hakuna mzungu anayengoja ng'ombe. Niliogopa: ukipata mwami wa huko utakuwa mtu wake, na siku ya kunizika utatuma picha. Nikaona nikinyamaza hutaapa. Nisamehe.

Jana Généreuse alinieleza kwamba ni pasi yao hiyo hiyo itakayokuwezesha kupanda ndege, ufike kwetu na kurudi salama. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nakufungia mlango mwenyewe!

Apa. Usingoje kunizika, njoo nikiwa hai. Na huyo mwanawe aliyerithi, watu wanampenda? Utanieleza hapa hapa, umekaa.

Mama yako