Kwa Kemi, Kuhusu Mkanda Niliofungwa Tumboni

Bremen, Alhamisi

Mdogo wangu Kemilembe,

Nakusalimu kwa upendo, ingawa sijui kama utaipokea salamu hii. Hujambo? Na Mama anaendeleaje na magoti yake tangu mvua zianze? Nasikia kila Jumamosi unatoka Bukoba kwenda Muleba kumfulia na kumpikia, na Jumapili jioni unarudi mjini kuwahi zamu. Mungu akutunze. Kazi hiyo ilikuwa yetu wawili, umeibeba peke yako.

Mimi nimo hospitalini. Jumatatu nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, na leo ndiyo siku ya kwanza nimeweza kukaa kwenye kiti na kushika kalamu. Sikukupigia kwa sababu mwaka huu nimekupigia mara tatu na mara tatu umekata. Sikulaumu. Barua hii anaileta mama mmoja wa Kitendaguro aliyekuja huku na kwaya ya kanisa lao. Nimemwomba akupe mkononi, asimwachie mtu. Isome mpaka mwisho, hata kama utaisoma kwa hasira.

Nianze na lile lililotutenganisha. Tata, baba yetu, alipofariki niliwaambia kwamba kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinabadilishwa, kwa hiyo sikuruhusiwa kusafiri. Kemi, niliwadanganya. Kibali kilikuwepo, tiketi ilikuwepo, na uwanja wa ndege nilifika.

Nilifika mapema nikiwa nimevaa kitenge cheusi. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba tangu siku mbili nyuma, nikadhani ni kwa kusimama sana kazini. Baada ya ukaguzi kuna mwendo mrefu hadi kwenye mlango wa ndege. Katikati ya mwendo huo pumzi ilikata. Nilishika ukuta, kisha nikakaa sakafuni na mkoba wangu. Wakaja watu wa huduma ya kwanza na kiti cha magurudumu. Walijaribu kunikalisha, sikuenea. Wakajaribu tena kwa kunigeuza upande, sikuenea. Mmoja akakimbia kuleta kitanda cha kusukuma, na muda wote huo nilikuwa pale chini, foleni nzima ikinitazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Hospitalini walikuta damu imeganda mguuni na vipande vyake vimefika kwenye mapafu. Daktari aliniambia waziwazi kwamba ningepanda ile ndege huenda nisingeteremka hai. Siku mliyomzika Tata nilikuwa kitandani, mpira wa oksijeni puani. Mjomba aliniambia mazishi ni saa nane. Nilitazama saa ya ukutani mpaka ikafika saa nane ya huko, ikapita.

Ningewezaje kusema? Mama alikuwa amefiwa na mume, nimwambie na mtoto karibu afe? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni aibu. Niliona aibu kusema kwamba mwili wangu umekuwa mkubwa kiasi cha kushindwa kunifikisha kwenye mazishi ya baba yangu. Halafu wewe ukasikia kwa watu kwamba wenye kibali kama changu wanasafiri watakavyo. Ukanipigia ukaniambia, "Basi dada, kaa na Wajerumani wako." Nikanyamaza, ukaona nimekiri.

Mmekuwa mkiona picha za uso tu. Kila nilipotuma, shangazi alisema nimenawiri, kwamba sasa nafanana na watu waliofika. Niliondoka huko nina kilo sabini na mbili. Mwaka jana mzani ulisema mia moja arobaini na sita. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kila alasiri kuna keki, na zinazobaki hutupwa. Mimi nilizilea kama watoto. Nilikula kwa sababu ya baridi, nikala kwa sababu chumbani hakuna wa kusema naye, na baada ya Tata nikala bila sababu yoyote. Nimejaribu kufunga, nimejaribu kutembea, nimekunywa vidonge. Napunguza kilo nane, zinarudi kumi. Mwezi wa pili goti lilinisaliti nikiwa nimemshika bibi mmoja kumtoa bafuni. Tulianguka wote wawili. Yeye alivunjika nyonga. Hakunilaumu, lakini tangu siku hiyo nimehamishiwa chumba cha kufulia.

Basi nikapelekwa kwa daktari bingwa, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Alisema wagonjwa wengi siku hizi hukatwa sehemu ya mfuko wa chakula, ila kwa damu yangu inayoganda na mapafu yaliyoumia hataki upasuaji mkubwa. Mimi angenifunga mkanda. Wewe ni nesi, utanielewa upesi. Ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili ushibe kwa kidogo.

Aliweka mitatu mezani. Wa kwanza ulikuwa wa zamani, hauongezwi wala haupunguzwi. Miwili iliyobaki ina mpira mwembamba kwa ndani unaojazwa maji ya chumvi, kama yale ya dripu. Mrija wake unakwenda hadi kwenye kidude kama kifungo cha koti kinachoshonwa chini ya ngozi, na hapo ndipo sindano inachoma kuongeza maji au kuyatoa. Kati ya hiyo miwili mmoja ni mwembamba, unabana kwa nguvu na kupunguza haraka. Mwingine ni mpana na laini, unabana taratibu.

Mimi nikanyoosha mkono nikashika ule wa zamani. Nikamwambia, "Nifunge huu. Hauna sindano, hauhitaji mtu. Nikipona naenda nao kwetu."

"Huo nimeuleta uuone tu," akasema. "Siufungi tena."

Nikamsihi. Nilimsihi vibaya, Kemi, mpaka machozi. Nikamwambia mama yangu ana miaka themanini na moja na sina muda wa kuja hapa kila mwezi kupimwa maji. Alifungua mlango akamwita mgonjwa wake aliyekuwa kwenye foleni, mama wa Kituruki mwenye umri kama wa shangazi, ambaye hukubali kuzungumza na watu kama mimi.

"Nilikaa nao miaka kumi na mmoja," yule mama akaniambia. "Siku uliposogea, hata mate yangu hayakushuka."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa kijijini kwetu, kwenye harusi ya mwanangu. Daktari wa pale hakuwahi kuona kitu kama hicho. Nilikaa siku tano kwa dripu tu, bila tone la maji kupita kooni, mpaka wakanirudisha huku."

Nikaurudisha mkanda mezani.

Ikabaki miwili. Daktari alisema sitaruhusiwa kupanda ndege ndefu mpaka nipungue kilo thelathini. Kwa mwembamba, mambo yakienda vizuri, pengine kabla ya Pasaka. Kwa mpana, labda msimu wa senene wa mwaka ujao, yaani Novemba, na hakuahidi. Nikasema mwembamba. Akaniuliza, "Huo ukibana ghafla lazima maji yatolewe siku hiyohiyo. Huko Bukoba nani atakutolea?"

Nikasema nina mdogo wangu, ni nesi, ana mkono mwepesi wa sindano.

"Mnaelewana?"

Nikasema ndiyo. Huo ukawa uongo wangu wa pili, na safari hii niliusema kwa mtu aliyekuwa anataka kunipasua.

Nilirudi chumbani nikashindwa kukaa. Nikampigia Mama kwa video. Mama Asimwe, yule jirani, ndiye aliyemshikia simu. Nikaweka simu yangu dirishani, nikarudi nyuma mpaka ukutani ili anione mwili mzima, nikamweleza yote, ya uwanja wa ndege na ya kibali. Mama akamwambia Mama Asimwe amsogezee simu karibu na uso.

Halafu akasema, "Nilijua si kibali. Mtu halilii kibali kama ulivyolia siku ile kwenye simu."

"Nisamehe, Mama."

"Mwana wange, mbona unahema hivyo hata umesimama tu? Kaa chini." Nikakaa. Akaniuliza, "Kemi anajua?"

Nikasema hajui. Nikamwomba akuambie yeye, kwa sababu yeye utamsikiliza. Alikataa. "Mimi sitakusemea," akasema. "Ulimdanganya kwa mdomo wako, mweleze kwa mdomo wako." Kisha akamwambia Mama Asimwe azime simu, maana alikuwa anataka kulia.

Siku iliyofuata nilirudi kwa daktari nikamwambia kwamba mdogo wangu hasemi nami na kwamba hajui lolote. Hakunikaripia. Alisema, "Basi leo chagua kama mtu asiye na mtu."

Nimechagua ule mpana. Nilipotia sahihi nilijua ninachokitupa. Nimeitupa Pasaka, na kwa umri wa Mama sijui kama nimetupa na mengine. Mpana hauna hatari sana ya kubana ghafla, na mtu anaweza kukaa miezi bila kuguswa, lakini si bila kuguswa kabisa. Nilimwomba daktari jambo moja tu, ile sehemu ya kuchomea sindano aishone juujuu, chini ya mbavu za kushoto, ili mtu aipate kwa kidole bila mashine. Alinitazama akasema atajitahidi. Jana alinishika mkono akaniwekea vidole vyangu juu ya bandeji nikaihisi, ngumu, kama punje ya kahawa iliyovimba.

Sijisikii mshindi. Leo nimekunywa vijiko vinne vya supu na cha tano kimerudi. Nina hofu ya kila namna, hofu kwamba mkanda utasogea, kwamba damu itaganda tena, kwamba nitapungua polepole wakati Mama anakwisha haraka. Mara nyingine nawaza nimejifunga mwenyewe kwenye nchi ya watu kwa kamba ya silikoni. Kama hakuna mtu huko wa kunichoma sindano, sitaweza kurudi nikakaa. Nitakuja wiki mbili kama mgeni, nione kaburi la Tata kibanjani, kati ya migomba, nigeuze.

Kwa hiyo nakuuliza, na sikuulizi kwa mzaha. Je, utakubali kujifunza? Daktari amesema yuko tayari kukuelekeza kwa video, na kwa mganga wenu mkuu ataandika barua ili ufanye kwa idhini. Sindano zake maalumu nitakuja nazo. Kwa mtu mwenye mkono wako si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba utalazimika kunigusa, na najua kwamba kwa sasa hata sauti yangu huitaki.

Sikuombi unisamehe kwanza. Unaweza kunichoma sindano bila kunisamehe, wagonjwa wengi unawahudumia hivyo. Na kama jibu ni hapana, sema hapana. Nitabaki huku karibu na hospitali hii na sitakusumbua tena kwa jambo hili. Ila usikate bila kusema neno.

Nisalimie mjomba, mwambie nashukuru kwamba siku ile alinieleza kila kitu bila kuniuliza maswali. Msalimie shangazi wa Nyanga, na tafadhali mwambie sijanawiri, niliumwa. Mama Asimwe mpe asante kwa kumshikia Mama simu mpaka mkono ukachoka. Mama umbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu, hilo usinikatalie hata kama mengine utayakataa.

Mama wa kwaya anaondoka Jumamosi, kwa hiyo kufikia Jumanne barua hii itakuwa mikononi mwako. Wagonjwa hapa hutakiwa kuzima sauti za simu. Kuanzia Jumanne sauti ya simu yangu nitaiacha wazi.

Niliyekubeba mgongoni kabla sijakudanganya,
dada yako Kokugonza