Mchuzi wa Mama

Jumapili, 26 Novemba
Kesho kutwa kisu cha daktari. Nimefikisha uzito! Mwezi wa sita Daktari Ospina alikataa kunigusa — eti mafuta atayatoa wapi, mifupani? Tangu hapo Mama kanishindilia nguruwe wa kukaanga, maharage, parachichi, maandazi ya jibini. Nasly, mdogo wangu, ananiita nguruwe wa Krismasi. Acha aseme. Mafuta yatoke kiunoni, yaingie titi la kushoto, lililogoma kukua tangu nivunje ungo. Miaka yote hii nashindilia soksi! Gauni jekundu la tamasha la mwisho wa mwaka mjini Cali liko kabatini. Mwaka huu nalivaa bila soksi.

Jumatano, 29 Novemba
Niko nyumbani. Kiuno kinauma kuliko kifua, kama nimetwangwa. Mikono haipandi juu ya mabega. Lakini nimechungulia — yako mawili! Sawasawa! Nimelia, Mama kalia, Nasly katucheka huku naye analia. Daktari kasema nile vizuri, nisikonde hata kidogo. Mafuta haya ni ya mwili wangu, mwili ukiona njaa utayala.
Mama kaitikia: ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Jumapili, 3 Desemba
Mchuzi wa kuku. Asubuhi, mchana, jioni. Mama anasema mwenye kidonda hali nguruwe, wala yai, wala maharage, wala parachichi. Eti vinachokonoa kidonda, kinatunga usaha. Siku arobaini! Nikamkumbusha maneno ya daktari.
"Yeye kazi yake kushona watu. Mimi nimewauguza."
Basi, yakaisha. Kabati la juu la jikoni siwezi hata kulifungua. Nikamwomba Nasly yai. Kanitazama utadhani nimeomba sumu.

Alhamisi, 7 Desemba
Jioni ya mishumaa ya Bikira Maria. Mtaa mzima unawaka. Jirani kaleta maandazi ya jibini ya moto, Mama kayapokea mlangoni na kuyapitisha moja kwa moja jikoni. Nawasikia wakitafuna! Vazi la kubana kiuno nililovishwa hospitali limelegea, Nasly kalifunga kwenye ndoano za mwisho. Eti dada umependeza, umerudi kuwa mwembamba.
Nimeogopa.

Jumamosi, 16 Desemba
Sala za siku tisa za kungoja Krismasi zimeanza leo, sebule imejaa watu. Nikajifungia bafuni, nikavua. La kushoto limepungua. Nikalipima kwa kiganja, nikapima la kulia, nikarudia. Linapungua jamani! Nikatoka hivyohivyo, taulo kifuani, nikamwambia Mama mbele ya wageni: nipe nyama!
Akanivuta jikoni. Nilijua nitagombezwa. Badala yake akaanza kulia — kwamba kosa ni lake, alinizaa nusu. Akaitaja ile pamba aliyoishonea ndani ya sare yangu ya shule, upande wa kushoto, nisichekwe. Pamba hiyo hatukuwahi kuizungumza, hata siku moja.
"Leo Mungu kakukamilisha, halafu mimi nikuue kwa nguruwe?"
Nikanywa mchuzi.

Jumatatu, 18 Desemba
Kwa daktari. Kanipima, kakunja uso. Nimekonda mno. Mafuta yaliyobaki bado yanaweza kushika, lakini nile — kuanzia leo, si kesho. Akamwita Mama ndani, akamuuliza ananilisha nini.
"Mchuzi wa kuku, daktari," Mama kajibu, kifua mbele. "Hajakosa mlo hata mmoja."
Daktari akamweleza yote, taratibu, wala hakumfokea. Mama: ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kwenye teksi alinishika mkono njia nzima. Nikasema moyoni, kaelewa. Masikini Mama, kaelewa!
Sasa yuko jikoni. Nasikia kisu kwenye ubao. Nasikia anavyovuta kamasi. Mate yananijaa — nguruwe? Hata yai moja tu!
Ameingia. Macho mekundu, bakuli mikononi. Anasema leo kaniwekea viazi viwili, mwanangu, ili ninenepe. Ni mchuzi. Amekaa kitandani, anapuliza kijiko. Anasema weka kalamu chini, mama, fungua mdomo.
Nafungua.