Saa ya Mume Wangu Mkononi mwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla kichwa hakijanipasuka, maana tangu juzi nimebaki mdomo wazi na hata kazini wananiuliza kama nimefiwa. Mimi ni mke wa mtu, kazi yangu ni kuoka mikate, na mume wangu ni fundi wa majokofu, lakini huku mtaani hakuna anayemwita fundi, wote wanamwita Dizeli, kwa sababu kwenye mbio ndefu huwa anachelewa kupata moto lakini akishaupata hazimiki, na klabu yao ya wakimbiaji inamtegemea yeye kwa kila kitu.

Mwaka huu alipata homa tukaichukulia ya kawaida, akaendelea kukimbia nayo, mwisho akaanguka bafuni, na hospitali wakatuambia homa ile imeshambulia misuli ya moyo. Mshauri, nilimwona mume wangu, mtu wa kupanda vilima huku anapiga mluzi, anashindwa kuinua kijiko. Alipopata nafuu daktari alimkalisha akamwambia mbele yangu, "Utatembea tu, tena taratibu. Kukimbia mpaka nikuruhusu mimi. Moyo wako ukiulazimisha sasa hivi unaweza kuzima ghafla, na hautakupa nafasi ya kuaga." Akasema ile saa yake ya mazoezi, inayosoma mapigo ya moyo, asiivue, iunganishwe na simu yangu, na kila tukienda kliniki tumwonyeshe.

Basi mimi nikawa askari wa saa. Kila alasiri nikiwa mbele ya tanuri nafungua simu naona anatembea, polepole, mara amesimama, mara anaendelea, nami roho inatulia, namtumia ujumbe, "Hongera baba, ndivyo ninavyotaka," naye ananijibu kwa kicheko, na wenzangu nawaringia kwamba wanaume wote wangekuwa wasikivu kama wangu wajane wangepungua duniani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinatusumbua, saa ilikuwa inaonyesha mapigo yanaruka, yanakwenda mbio kidogo, yanasita, halafu yanaanza tena kwa pupa, na daktari alishangaa kwa sababu akimpima pale kliniki kwa mashine yake moyo unaonekana unapona vizuri, lakini kwa tahadhari akamwongezea dawa ya kutuliza mapigo, na mume wangu anaimeza, ingawa siku hiyo tulipotoka alikuwa kimya njia nzima, nikadhani ni hofu.

Juzi sasa. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ananipenda kuliko ninavyostahili, alikuja pale kazini kwangu kununua mkate, akaegemea kaunta anahema, maana siku hizi hata ngazi za kibarazani zinamchosha, nikamwambia, "Mama, si ungemtuma mtu?" Akasema, "Acha, mwanangu, niko kwenye kazi ya mumeo." Akanyoosha mkono kupokea mkate, mkono wa gauni ukapanda, na mshauri, saa ya mume wangu hii hapa, imefungwa kwenye mkono wa mama mkwe!

Nikamuuliza, "Mama, hiyo saa?" Akajibu bila wasiwasi, "Si ameniambia inachajiwa kwa kutembea? Yeye mchana anabanwa na kazi, ananiachia mimi niizungushe. Naizungusha mpaka miguu inawaka moto, nikimrudishia ananiambia bado haijajaa. Fundi akikwambia kitu kinachaji, utambishia?" Nikaitazama simu yangu, nayo ikaniambia mume wangu amesimama. Mkate ukaniponyoka.

Niliondoka na aproni yangu, na unga usoni, moja kwa moja hadi uwanja wa mazoezi, na nikamkuta, mshauri, anakimbia, tena si kukimbia kwa kujaribu, yuko mbele anavuta kundi zima, fulana imelowa, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu augue. Aliponiona akasimama, akashika magoti. Hakukana. Akasema, "Mama watoto, nikitembea najiona kama maiti inayotembezwa. Nikikimbia ndiyo najua nimepona. Na daktari mwenyewe akinipima anasema napona, si umemsikia? Naomba usimwambie mtu, mpaka nimalize mbio za klabu." Akaniapisha kwa marehemu baba yangu, nami kwa mshtuko na kwa kumwonea huruma nikaapa, pale pale, na unga wangu usoni.

Sasa silali. Nikisema nimevunja kiapo na nimemvunja mume wangu, nikinyamaza naogopa siku moja nitaletewa amebebwa. Na mama mkwe bado anaizungusha saa, maana sikuwa na uso wa kumwambia kuwa mwanawe amemfanya mjinga. Nifanye nini?

Mke wa Dizeli

*

Mke wa Dizeli,

Nilianza kuisoma barua yako nimekaa, nilipofika kwenye saa nikasimama, na bado sijakaa. Umeniuliza kuhusu kiapo, nitakujibu. Lakini dada yangu, unajua ulichoniandikia? Saa inasoma moyo wa aliyeivaa. Mumeo hakuivaa. Sasa yale mapigo yanayoruka na kusita, yaliyomshangaza daktari mzima, yalikuwa ya nani?

Ni ya mama mkwe wako! Huyo huyo anayehema kwa ngazi za kibarazani. Nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa pili, hana daktari, hana dawa, na kila siku anatembezwa juani ili achaji saa isiyochajiwa kwa miguu. Dawa iliyotolewa kwa ajili ya moyo wake anaimeza mwanawe, halafu anakwenda kukimbia. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka mingi, nimesoma mambo ya kila aina, lakini hili limenitoa jasho.

Namba ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga tangu asubuhi haipokelewi, bila shaka uko kwenye tanuri lako. Nimekuachia ujumbe. Kama gazeti limekufikia kwanza, lifunge hapa hapa, mpeleke mama hospitali leo, na asiende kwa miguu. Chukua simu yako, mwonyeshe daktari mapigo yote yaliyomo, umwambie wazi ni ya mama. Angalau njama ya mumeo imeacha vipimo ambavyo vinaweza kumwokoa mtu.

Umerudi? Haya. Mpigie na daktari wa mumeo leo hii, umwambie saa haikuwa mkononi kwake na dawa iliongezwa kwa moyo usio wake. Usimpunguzie dawa wewe, wala asiiache mwenyewe, nyinyi si madaktari na mmeshaonyesha hivyo vya kutosha. Daktari ndiye ataamua. Na kukimbia kunakoma leo.

Kuhusu kiapo, mtu anayekuapisha ukiwa umepigwa na butwaa hakuapishi, anakutega. Baba yako kama alikupenda hatafurahi jina lake litumike kumzika mkweo. Usilie juu ya hilo. Lakini nitakukaripia kwa jambo jingine, unasema hukuwa na uso wa kumwambia mama? Ukaona aibu ya mumeo ni nzito kuliko pumzi ya mama yake, ukamwacha aendelee kuzunguka! Hapo umekosea, tena sana.

Sasa nipishe kidogo niongee na mumeo, maana najua gazeti hili utamwekea mezani.

Dizeli, siku daktari alipokuongezea dawa ulikaa kimya njia nzima. Mkeo anadhani ilikuwa hofu. Mimi nadhani ulijua kabisa moyo ule si wako, na ulijua nani uliyemvalisha saa. Hukutaka kulifikiria mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake ulikuwa kuacha kukimbia. Sikuiti mwovu. Mtu aliyeambiwa moyo wake unaweza kuzima wakati wowote anatafuta mahali pa kujisikia mzima, na wewe mahali pako ni uwanjani, nakuelewa, hata machozi yalinilenga niliposoma habari ya tabasamu lako. Lakini bwana, ulikuwa unajiponya kwa miguu ya mama yako.

Nenda kwa kocha wako, umwambie ukweli, akufute kwenye mbio hizi. Mwombe akupe kazi ya kupima muda wa wenzako ili usikae nyumbani ukinuna. Rudi kwa daktari na saa yako mkononi mwako, umwombe akupime moyo ukiwa kwenye mazoezi mbele ya macho yake, na akupangie kutembea, halafu kutembea na kukimbia kidogo, halafu kukimbia, kwa ruhusa yake kila hatua. Itachukua muda. Wewe si ndiye unayechelewa kupata moto? Basi chelewa.

Ila kabla ya hayo yote, mama yako akiwa tayari kitandani hospitali, piga magoti umwombe radhi. Halafu ivue saa mkononi mwake wewe mwenyewe, umwambie imejaa, sasa apumzike.